Kabla Hujasukuma Mlango, Jitaje

Huku kwetu Chepsaita, mlio wa kwanza wa bunduki ambao mtoto husikia ni ule wa kuanzisha mbio. Unalia, watu wanatimka, akina mama wanashangilia kando ya ua, na jioni mtu anarudi nyumbani na medali au na miguu imevimba. Mimi nimekua hivyo. Bunduki kwangu ilikuwa kama kipenga tu, kitu cha michezo, mpaka nilipofika darasa la saba.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, wiki ya Pasaka. Redio iliwashwa asubuhi na haikuzimwa mpaka usiku. Watu wanne wa Al-Shabaab walikuwa wameingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa kabla jua halijachomoza. Jua lilipozama, watu 148 walikuwa wamekufa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Wengi walikuwa na umri ulio nao wewe sasa hivi.

Pengine unajiuliza Garissa na Eldoret zinahusiana vipi, maana ni mbali sana. Wakati huo Garissa ilikuwa chuo kishiriki cha Moi, na Moi iko hapa kwetu, Kesses. Kwa hivyo waliouawa walikuwa wanafunzi wa Moi, na mamia ya walionusurika waliletwa huku kumalizia masomo. Dadangu alikuwa mwaka wa kwanza pale Kesses. Wiki chache baadaye chumba chao kiliongezewa mtu.

Nitarudi kwa huyo mtu. Kwanza wacha niseme kilichonifanya niandike.

Mwanafunzi akiuawa kwa risasi hapa Kenya, wiki ya kwanza huwa tunaiweza kabisa. Hapo sina neno. Mishumaa inawashwa, kamukunji inaitishwa, tisheti zinachapishwa na picha yake kifuani, mchango unapitishwa kwa M-Pesa, basi la chuo linajaa hadi kwenye matanga, na kiongozi wa wanafunzi anasoma risala huku sauti ikikatika. Hayo yote ni mazuri. Ila wiki ya pili ratiba inarudi. Wiki ya tatu kuna mtihani. Wiki ya nne, ukibaki na huzuni yako unaonekana msumbufu, kama mtu ambaye hajasikia kwamba sherehe imeisha.

Nafikiri kazi ya shule inaanza pale wiki ya nne. Tena haihitaji pesa nyingi kama wakuu wa shule wanavyodai.

Kuna kisa kimoja cha Garissa ambacho sijawahi kukisahau. Siku mbili baada ya shambulio, wakati kila mtu alidhani waliosalia hai wameshatolewa, msichana wa miaka 19 alipatikana akiwa amejificha kabatini. Alikuwa amejifunika nguo, na kiu ilipomzidi akanywa losheni. Polisi walipomwita atoke, alikataa. Atajuaje kama kweli ni polisi? Na hapo msimcheke, maana waliowaua wenzake pia walikuwa wamebeba bunduki. Alitoka tu baada ya kuletewa mtu wa chuo chake mwenyewe, mtu aliyemjua.

Hebu fikiria hilo kidogo. Serikali nzima ilikuwa nje ya kabati, na magari na silaha na kofia za chuma, na haikutosha. Alichotaka ni uso anaoujua kutoka shuleni. Mwalimu au mkuu wa chuo ana nguvu ambayo kamanda hana. Kisha huyo huyo mwalimu, mwezi mmoja baadaye, anakuuliza kwa nini hukuleta kazi ya ziada.

Sasa nirudi kwa chumba cha dadangu. Msichana aliyeletwa alikuwa hasemi mengi. Usiku alilala na viatu miguuni. Raba, zimefungwa kamba kabisa, ndani ya blanketi. Mwanzoni wenzake walidhani ni baridi ya Kesses, ambayo kwa kweli si mchezo. Siku moja mmoja wao akarudi na ndoo ya maji, akasukuma mlango kwa mguu jinsi sisi sote tunavyofanya. Mlango ukagonga ukuta. Yule msichana alikuwa tayari yuko chini ya kitanda kabla ndoo haijatua.

Hakuna aliyeitisha mkutano. Dadangu anasema kuanzia jioni hiyo kila mtu wa chumba kile alijitaja kabla ya kushika kitasa. "Ni mimi, nimebeba maji." "Ni mimi, niko na jirani wa mwisho." Baadaye vyumba vya pembeni vikafuata. Viatu vilivuliwa muhula uliofuata, na hata hapo vilikaa karibu na mto. Kumbuka hao walikuwa watoto wa miaka 19 na 20. Hawakuwa wamesomea ushauri nasaha. Walifanya kile kile kilichofanyika pale kabatini, ila wao walikifanya kila siku, kwa miezi.

Usidhani pia kwamba hofu ilibaki kwa waliokuwepo. Siku kumi tu baada ya Garissa, tarehe 12 Aprili, mtambo wa umeme ulilipuka usiku karibu na hosteli za bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Waliruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia. Novemba mwaka huo huo, Strathmore walifanya zoezi la usalama kwa milio ya risasi, na wengi hawakujua kwamba ni zoezi. Watu wakaruka tena, na mfanyakazi mmoja akafa. Hakukuwa na gaidi hata mmoja katika visa hivi viwili. Kulikuwa na vijana ambao tangu Pasaka walikuwa wakilala nusu macho, na hakuna aliyekaa nao akawauliza.

Najua utaniambia Garissa ilikuwa ugaidi, tena zamani. Sawa. Tupa jicho upande wa pili wa Iten basi, ukishuka Bonde la Kerio. Februari 2022 majambazi walimiminia risasi basi la shule ya upili ya Tot lililokuwa na wanafunzi ndani. Dereva akafa. Hapo ni jirani kabisa na sisi. Siku za maandamano ya Juni 2024, mvulana wa miaka 12 alipigwa risasi akafa kule Rongai. Saba Saba ya 2025, msichana wa miaka 12 aliuawa na risasi akiwa nyumbani kwao Kiambu. Kila mmoja wao alikuwa na dawati mahali. Aliyekaa kando yake Jumatatu iliyofuata alifanya nini? Gazeti lilitwambia kuhusu familia na kuhusu polisi. Kuhusu yule wa dawati la kando sikusoma popote.

Mimi nilimjua mmoja wa aina hiyo. Nilisoma naye chuoni kabla sijaacha, chuo ambacho sitakitaja. Alitoka kule bondeni, na rafiki yake wa kidato cha tatu aliuawa na majambazi likizoni. Shule yao ilifunga siku chache, wakamzika, wakarudi darasani, dawati likahamishiwa stoo. Hivyo tu. Alipofika chuo alikuwa mtu wa kucheka sana mchana, halafu anakosa vipindi wiki nzima. Mitihani ikamshinda. Alipoenda ofisini kueleza, akaulizwa kama ana barua ya hospitali. Barua ya hospitali! Kwa jambo lililotokea miaka mitatu nyuma, mahali ambapo zahanati yenyewe hufungwa risasi zikilia.

Aliondoka muhula mmoja kabla yangu. Mimi niliacha kwa sababu ya karo, na hiyo mtu anaelewa, unaitaja mara moja na watu wanatikisa kichwa. Yeye hakuwa na neno fupi la kuwapa. Kwao wakasema ameshindwa na masomo. Watu wakinicheka mimi kwa kuacha chuo nawaacha wacheke, lakini akichekwa yeye huwa nanyanyuka.

Kuna mtu atasema shule si hospitali, na kwamba mwanafunzi akidekezwa kila akifiwa hakuna atakayemaliza silabasi. Nimesikia hoja hii kwa walimu ninaowaheshimu. Darasa la watu hamsini, mwalimu mmoja, mwezi wa mitihani, unafanyaje? Kweli ni ngumu. Lakini angalia vitu tunavyozungumzia. Kumruhusu mtu kuahirisha mtihani bila kumdai karatasi ambayo hana. Kuwatangazia watu kabla ya zoezi lolote la kengele au milio. Kutoondoa dawati bila kuwauliza waliokaa karibu nalo, maana ninyi mnaona mbao na wao wanaona mtu. Mwalimu mmoja tu anayejulikana kwamba mlango wake uko wazi, na si lazima awe wa ushauri nasaha, anaweza kuwa hata wa kilimo. Silabasi gani inavunjika hapo?

Kwa upande wetu sisi vijana nina neno moja kali. Mwaka 2015 kuna watu walianza kutaja majina. Ile nambari ya kwanza iliyotangazwa, 147, waliifanya kauli kwamba hao si nambari tu, wakaweka majina na picha za marehemu wakiwa wanacheka, wamevaa vizuri. Nilikuwa mdogo lakini nilijivunia. Saa hizo hizo, simu kwa simu, zikazunguka picha nyingine, za miili sakafuni. Dadangu alitumiwa na watu watatu tofauti. Msichana wa chumba chao naye pia alikuwa na simu. Sasa fikiria unafungua ujumbe kutoka kwa mtu anayedhani anakupasha habari, na unamtambua mtu kwa shati lake. Tumeacha kufanya hivyo? Maandamano ya juzi yananiambia hapana. Kabla hujatuma, kumbuka kwenye kundi lako la watu 200 kuna mtu aliyekaa dawati la kando.

Na usimwombe aliyenusurika akusimulie. Hata kama unampenda, na hata kama unaandika makala kama mimi hapa. Nilimsumbua dadangu miaka mingi aniunganishe na yule msichana, nikisema watu wanahitaji kusikia. Alinikatalia kila mara. Mwaka jana akanipa tu ruhusa ya kusema kuhusu viatu na mlango, baada ya kumuuliza mwenyewe kwanza.

Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na tangu 2017 ni chuo kikuu kamili. Yule msichana hakurudi. Alimalizia huku huku na siku hizi ni mwalimu. Kila tarehe 2 Aprili humpigia dadangu simu jioni, na sharti lake ni moja, asiulizwe chochote kuhusu siku hiyo. Wanaongea kuhusu wamepika nini. Mwaka huu dadangu alikuwa amepika sukuma na mayai, yule mwingine githeri, na wakabishana karibu nusu saa kama githeri inahitaji viazi.