Tuzo Ni Sawa, Lakini Kitabu Kiko Wapi?

Wasee wa Kinoru, leo siongei mpira wala bei ya miraa. Naongea vitabu. Usipite kwanza.

Juzi niliamua kutengeneza video kuhusu Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell. Ndiyo ile iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, zawadi zake jumla dola 15,000. Nikachagua diwani iliyoshinda upande wa ushairi 2017: Mwanangu Rudi Nyumbani, ya Dotto Rangimoto wa Tanzania. Nikaingia maktaba moja ya umma. Hakuna. Nikazunguka maduka mjini, nikaonyeshwa vitabu vya mtihani. Mwana anaambiwa arudi nyumbani, na huku Meru hata kufika hajafika!

Msimamo wangu ni huu: tuzo isiyofikisha kitabu maktabani ni harusi isiyo na bibi harusi. Mshindi anapigwa picha na hundi, sisi tunagonga laiki, kesho tumesahau.

Na msiniambie ati watu hawasomi. Kithaka wa Mberia ni wa Tharaka, jirani zetu kabisa. Tamthilia yake Kifo Kisimani ilipokuwa kitabu cha kutahiniwa sekondari, dada yangu na wenzake waliisoma mpaka ikawaingia damuni. Hadi leo akiona kiongozi dhalimu anamwita Mtemi Bokono. Kitabu kilikuwepo, kikasomwa. Ni hivyo tu.

Sasa nani afanye nini? Wanaotoa tuzo watenge sehemu ya pesa wanunue nakala za vitabu vilivyoshinda, zipelekwe maktaba za umma, hata huku mashinani. Kaunti nazo hazina pa kujificha: Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inataja maktaba kati ya kazi zao. Bajeti ikija kwa wananchi, tuulize ni shilingi ngapi za kununua vitabu vya waandishi wa huku kwetu.

Najua mwandishi mmoja atasema, "Nakala moja ikisomwa na watu hamsini, mimi nakula nini?" Namuelewa. Hata mimi video yangu ikisambazwa bila jina langu naumia. Lakini wengi wa hao hamsini hawangenunua kamwe, na sasa wanamjua. Tena kuna njia: Denmark ilianza 1946 kuwalipa waandishi kwa vitabu vyao vilivyo maktabani. Walioanza hawakuwa malaika, walikaa chini wakapanga.

Kazi yako wiki hii ni ndogo. Ingia maktaba iliyo karibu, uliza kitabu kimoja cha mwandishi wa Meru, Embu au Tharaka. Ukikosa, mwombe mkutubi aandike ombi lako. Mtu mmoja akiuliza ni usumbufu. Tukiuliza mia, hapo watasikia.

Kisha rudi hapa uniambie umejibiwa nini.