Shauri Linapelekwa kwa Nani?



Nizwa maji ya falaj Daris hayagawiwi kwa urafiki. Kila bustani ina zamu yake, na zamu huhesabiwa kwa athar, yaani kama nusu saa hivi. Wakili wa falaj anajua nani anamfuata nani. Ugomvi ukimshinda hupelekwa kwa sheikh, na ukiendelea, kwa wali au kadhi. Maji ni maji, lakini kila mtu anajua shauri lake litaishia wapi.

Tumeanza na falaj kwa sababu ya barua. Mwenzetu mmoja wa Ibra, anayemaliza mwaka huu, amekubaliwa kusoma uzamili Marekani, na barua imekuja na kazi ndani yake: asomeshe Kiswahili cha mwaka wa kwanza na kusahihisha mitihani, naye atalipiwa ada na kupewa posho. Sote tumefurahi. Kiswahili tulichokipata jikoni kwa bibi zetu waliorudi kutoka Unguja leo kinalipa ada! Kisha mtu wa Sur (wa Sur hawaachi kitu kipite) akauliza: sasa huyu atakuwa mwanafunzi au mfanyakazi?

Swali hili limegombaniwa huko kwa zaidi ya miaka hamsini. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, walimu wasaidizi walianzisha chama chao mwaka 1966. Hao ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaobeba madarasa ya wadogo zao. Jina "msaidizi", tunaomba radhi kwa aliyelitunga, linaficha kwamba mara nyingi yule anayesaidiwa hayumo darasani. Mwaka 1970 waligoma kwa zaidi ya wiki tatu, wakapata mkataba wao wa kwanza, wenye utaratibu wa kusikiliza malalamiko. Walitaka pia sauti katika namna masomo yanavyopangwa. Hapo hawakupata walichokitaka.

Tanzania mkataba wa aina hii huitwa mkataba wa hali bora, jina ambalo sisi tunalipenda kuliko yote tuliyoyasikia.

Kwenye vyuo binafsi mambo yalichelewa. Mwezi Agosti 2016, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Columbia, bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi iliamua kwamba mwanafunzi anayesomesha kwa malipo ni mfanyakazi pia, na ana haki ya kuwa na chama. Kuamuliwa ni jambo moja, kukaa mezani ni jengine. Harvard waligoma Disemba 2019, karibu mwezi mzima, wakapata mkataba wa kwanza mwaka 2020. Columbia waligoma kuanzia Novemba 2021 hadi Januari 2022, wiki kama kumi.

Ukisikia mgomo unadhani ni pesa tu. Pesa zilikuwemo, na bima ya afya pia. Lakini jambo moja gumu lilikuwa hili la falaj. Mwanafunzi akibaguliwa au akisumbuliwa na mkubwa wake, shauri lisikilizwe na ofisi ya chuo chenyewe, au limalizwe na msuluhishi wa nje asiye na upande? Harvard walitia saini mkataba wa kwanza bila ya kulipata hilo. Columbia walilipata.

Sisi tulioko Oman hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini jambo hili ni zito. Mpaka mwisho wa 2020, mfanyakazi wa kigeni hapa kwetu aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwengine alihitaji barua ya kutopinga kutoka kwa yule wa zamani, ama sivyo aondoke akae nje miaka miwili. Tumewaona madukani na kwenye mashamba ya tende watu waliokuwa wakinyamaza kwa sababu hiyo, na wengine wetu tumewaona majumbani mwetu. Mwenzetu akifika Marekani atakuwa na msimamizi mmoja anayempa alama, anayemwandikia barua ya sifa na anayempangia kazi. Na viza yake inashikana na masomo hayo hayo. Hata saa za kazi zina mpaka: wakati wa masomo, mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki. Mtu kama huyo akionewa, unadhani atagonga mlango wa nani?

Si sote tuliokubaliana. Baadhi yetu walisema, na wana haki, kwamba mwalimu msaidizi akigoma anayekosa alama ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza, yaani sisi. Wengine wakajibu kwamba mwalimu aliyechoka na kuogopa naye anatukosesha, ila polepole. Hapo hatukupatana, na halua ikaisha.

Wala mkataba si ukuta wa ngome. Wisconsin, pale pale palipoanza, sheria ya jimbo ya 2011 ilizikata karibu haki zote za majadiliano za wafanyakazi wa umma, walimu wasaidizi wakiwemo, ingawa watu walijazana ndani ya jengo la bunge la jimbo kuipinga. Kwetu vyama vya wafanyakazi vimeruhusiwa tangu 2006 na shirikisho lao lipo tangu 2010, kwa hiyo neno naqaba si geni masikioni. Geni ni kulitia neno hilo kwenye mdomo wa mwanafunzi.

Basi mwenzetu tulimsaidia kuandika maswali matatu kabla ya kutia saini. Saa ngapi kwa wiki, kusahihisha kukiwemo? Bima inaanza siku gani? Na kukitokea shauri baina yangu na msimamizi wangu, linapelekwa kwa nani? Wengine mnaosubiri barua, yachukueni maswali haya kama yalivyo. Hatudai haki ya kunakili.