Nchiru Yastahili Kuzuriwa

Huko Ireland, katika bonde la Glendalough, ambako Mtakatifu Kevin aliasisi makao ya watawa katika karne ya 6, mnara wa mviringo wenye kimo cha mita 30 hivi ungali umesimama miongoni mwa magofu, na mahujaji na wasafiri huuendea kwa taadhima, kwa kuwa umetunzwa na habari zake zimehifadhiwa. Sisi wa Meru na Embu hatukurithi minara. Lakini tunayo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, pale Nchiru, tunao msitu wa Kirimiri karibu na Runyenjes, na mjini Meru tunalo jumba la mawe, zamani afisi ya mkuu wa wilaya, ambalo tangu 1974 ni makumbusho.

Yanisikitisha mno kwamba kijana aweza kuhitimu katika chuo kikuu kilichopo papo hapo Nchiru asijue baraza lile la wazee liliamuaje kesi za ardhi na mifugo. Rai yangu kwa serikali za kaunti ni kwamba, kabla ya kuchapisha matangazo ya utalii, ziwaajiri wazee wenye ilimu ya mila wawe waongozaji, na maneno yao yarekodiwe kwa Kimeru na Kiembu.