Nyara za Serikali ndani ya deli

Wadau, kuna jambo limekuwa likinikereketa kwa muda, leo acha niliseme. Kama umewahi kukaribishwa nyama ya nyati au pofu nyumbani kwa mtu pale Mbezi au Tabata, ukala, ukafungiwa na kipande cha kupeleka kwako, je, uliuliza karatasi iko wapi? Najua hukuuliza. Sisi watu wa mjini tunauliza nani alichinja, tunauliza kama kuna pilipili, basi.

Kisheria ile si mboga tu. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ni nyara, na kwenye hati za mashtaka utasoma "kupatikana na nyara za serikali". Kibaya zaidi, kuthibitisha kwamba umeipata kihalali ni kazi yako wewe uliyekutwa nayo. Mwaka 2023 mama mmoja wa Iringa alihukumiwa miaka 22 jela kwa vipande 12 vya nyama ya swala. Watu wakapiga kelele nchi nzima, na baadaye Mahakama Kuu ikamwachia huru. Lakini vipande 12 jamani! Havijazi hata karai.

Niliwahi kusafiri na wawindaji wenyeji, watu wazima wenye leseni zao, kutoka Dar hadi upande wa Manyoni, zaidi ya kilometa 500. Nilichojifunza ni kwamba kupiga mnyama ndiyo kazi ndogo, shughuli ni kurudi. Nyati dume anazidi kilo 500 na joto la mwili wake halitoki upesi. Wazee wale walimpasua na kutoa utumbo palepale, wakachuna, wakatundika minofu usiku kucha ipigwe na upepo. Mmoja alinionya nisifunike kwa turubai nyama ambayo bado ina joto, maana itaharibika kabla hamjafika Morogoro. Kwenye deli barafu ilikuwa ndani ya chupa za maji, ili ikiyeyuka nyama isiogelee. Iliyobaki ikakatwa vipande virefu, ikatiwa chumvi na kukaushwa. Mnyama anayeonekana mgonjwa, au mzoga uliokutwa tu, hawagusi, kwa kuogopa kimeta.

Njiani kila tuliposimamishwa ilitoka bahasha: leseni ya kuwinda, hati ya nyara, kibali cha bunduki. Askari wakasoma, wakakagua, tukaondoka. Safi kabisa.

Tatizo linaanza geti la nyumbani likifunguliwa. Shemeji kilo tano, jirani kilo mbili, fundi gari mfupa wa supu, na dada wa kazi anabeba kipande chake kwenye mfuko, anapanda daladala kwenda kwao Mbagala. Bahasha inabaki kwa mwenye bunduki. Yule dada akisimamishwa atasema nini? Nimepewa na bosi?

Sitaki mtu anielewe vibaya. Majangili walitumaliza: tembo wetu walishuka kutoka karibu 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Sheria iendelee kuwa kali. Ila kilo mbili za nyati aliyepigwa kwa leseni si pembe za ndovu, na anayezibeba ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kumlipa wakili. Mzee mwenye Land Cruiser atapiga simu mbili na mambo yatakwisha.

Kanuni za mwaka 2020 zilishafungua mlango wa mabucha ya nyamapori, kwa hiyo serikali imekubali kwamba raia wa kawaida anaweza kupika nyati jikoni kwake. Anayenunua buchani ana risiti. Wa kugawiwa naye apewe chake: wizara iambatanishe kwenye hati ya mwindaji vipande vya kuchana, kila kimoja na namba ya leseni, aina ya mnyama na kilo. Mtu aliyetumia mamilioni kwa mafuta na risasi hawezi kushindwa kuandika kikaratasi na kumpa aliyemfulia nguo zenye damu.

Mpaka hapo, ukinialika nyati nakuja bila kuchelewa. Ila ile ya kunifungia kwenye mfuko utanisamehe, nitaila hapohapo.