DAFTARI ZISINGOJE MAAFA



Tarehe 26 Desemba 2004 bahari iliivamia Sri Lanka ikaua watu zaidi ya 30,000. Wataalamu wa huko huko, kwa kujitolea, wakatunga programu ya kompyuta wakaiita Sahana, maana yake nafuu. Ikaandika waliopotea, makambi, mahitaji, na nani anasaidia wapi, ili misaada isirundikane kambi moja huku nyingine inalala njaa. Mwaka 2005 ikatumika Pakistani baada ya tetemeko.

Lakini kompyuta haijui jina isiloambiwa! Hapa kwetu mabalozi wengine hawajaleta orodha za nyumba zao mpaka leo. Masika ikituangushia nyumba, mabati yakaja, mjane asiyeandikwa atapewa na nani? Tunataka daftari zote ofisini Jumamosi. Na wenye kuandikisha nyumba hewa, tunawajua.