Kukata silensa si kutengeneza ekzosi

Niseme mapema, atakayekasirika akasirike: vijana wengi hapa Kilifi wanaojisifu kuwa na ekzosi ya kujitengenezea hawana ekzosi. Wana bomba lililokatwa. Mtu ameingia chini ya gari na grainda, ametoa silensa, ameunga kipande cha bomba, nusu saa kazi imekwisha. Usiku wa manane anapiga resi kutoka Kibaoni hadi darajani ili mji mzima ujue gari lake limeamka. Haya, tumejua. Sasa niambie, hapo umetengeneza nini?

Na kabla hujanirukia kwenye komenti, mimi si adui wa ekzosi za nyumbani. Ile ya Probox ya ami yangu nimeijenga mwenyewe, uani kwetu, wikendi mbili, kwa mashine ndogo ya kuchomelea niliyoazima. Naipenda hii kazi, na nimechoka kuiona ikigeuzwa kuwa kelele. Hoja yangu ni moja: kukata ni rahisi, kujenga ndio ufundi. Na tofauti yake si sauti peke yake. Inagusa mfuko wako, mapafu yako na watu unaowabeba.

Sauti unayoitafuta haiko nyuma

Tuanze na sauti, maana ndiyo inayowatia wengi wazimu. Kenya hii sauti ya ndoto ni ya Subaru. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na tangu hapo mngurumo ule umeingia masikioni mwa watu haujatoka.

Lakini wajua unatoka wapi? Injini ya Subaru ina silinda zimelala, mbili kushoto, mbili kulia. Kwenye Impreza za zamani, mabomba yanayotoka kwenye injini hayalingani urefu. Moshi wa upande mmoja una safari ndefu kuliko wa upande wa pili, kwa hivyo haufiki kwa mpigo ulio sawa. Ule mdundo unaokwenda kama ngoma iliyokosa beti umezaliwa huko mbele. Silensa ya nyuma inaupunguza au kuuachilia tu, haiuzai.

Sasa mtu ana Vitz au Demio, silinda zimepanga foleni moja, anakata silensa akisubiri Subaru. Mwanangu, mbuzi hata umpe spika atalia mee. Utapata mlio wa Vitz, mkubwa zaidi.

Na wale wanaosema "lakini gari limekuwa jepesi," hebu tusikizane. Injini haihitaji kubanwa, hilo ni kweli. Lakini inahitaji moshi wake uende mbio. Moshi ukienda kwa kasi kwenye bomba la kipimo sawa, mpigo mmoja unasaidia kuvuta ule wa nyuma yake. Ukiweka bomba pana mno, mwendo wa moshi unalegea na mvuto huo unapungua, hasa injini ikiwa chini. Injini ya lita 1.5 isiyo na turbo, bomba la inchi moja na robo tatu hadi inchi mbili linatosha kabisa. Inchi tatu waachie wenye turbo. Ukisikia kelele imeongezeka, usidhani nguvu nayo imeongezeka. Hao ni watu wawili tofauti.

Nani alikwambia konvata haina kazi?

Hapa ndipo penye pesa, na ndipo vijana wanapoliwa.

Karibu na injini kuna kopo lenye masega ndani, ile konvata. Masega yale yamepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Yakipata moto, kiasi cha digrii 300 hivi, yanageuza gesi za sumu kuwa hewa yenye madhara madogo. Na kwa sababu ya madini hayo, konvata kuukuu inauzwa. Wako wanunuzi.

Rafiki yangu mmoja alipeleka gari kwa fundi fulani (jina naliweka) kwa sababu ya mlio wa bati. Akaambiwa, "hii konvata imeziba, nakutolea bure." Bure! Alifurahi mpaka akamnunulia fundi soda. Konvata ilibaki kwenye karakana, na yeye akarudi nyumbani na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Taa hiyo haizimiki kwa dua. Sensa ya oksijeni iliyo baada ya konvata inaona hakuna kilichosafishwa, inapiga kelele.

Kwa hivyo mtu akikwambia atakutolea kitu bure, muulize kwanza kile kitu kinakwenda wapi. Kama kweli kimekufa, nipe kopo langu niende nalo nyumbani. Uone kama bado itakuwa bure.

Wengine husema konvata ni mambo ya wazungu, petroli yetu inaiua. Hiyo ilikuwa zamani. Petroli yenye madini ya risasi ndiyo iliyokuwa ikiua masega, na Kenya iliachana nayo kuanzia 2006. Mwaka 2021 UNEP, ambao ofisi yao kuu iko Gigiri hapo Nairobi, walitangaza kwamba Algeria imekuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza. Kisingizio hicho kimeisha.

Probox, buti wazi, na gesi isiyonuka

Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko kelele.

Sote twajua Probox zinavyofanya kazi huku kwetu. Za kwenda Ganze, za kwenda Bamba. Mbele wamebanana, nyuma kuna magunia, na juu ya magunia kuna watu, na mara nyingine buti liko wazi limefungwa kamba. Gari la namna hiyo likienda, upepo unazunguka nyuma na kurudisha moshi ndani. Sasa kata konvata, halafu acha kiungo kinachovuja chini ya buti, halafu maliza bomba katikati ya gari badala ya kulifikisha nyuma. Umewapikia abiria gesi ya kaboni monoksidi.

Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anashikwa na usingizi, anasema ni jua. Mtoto aliyelala juu ya magunia hatakwambia chochote. Atalala tu.

Kwa hivyo ukijenga ekzosi, mwisho wa bomba uvuke bodi ya gari. Hilo halina mjadala. Na kila kiungo kipimwe: injini ikiwa baridi, iwashe mahali pa wazi, mwenzako azibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kidogo tu, nawe upake maji ya sabuni kwenye viungo. Povu likitoka, rudi kazini. Na usiwahi kujaribia gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata dakika tano.

Tena kiungo kinachovuja mbele ya sensa ya kwanza kinaingiza hewa ya nje. Sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta ya gari inaongeza. Unalipa kelele yako kila ukienda petroli stesheni.

Kujenga kwenyewe, kwa hali ya Pwani

Video nyingi za ekzosi ni za watu wa nchi za baridi. Sisi tunaishi na chumvi. Upepo wa bahari unakula bati kutoka nje, na ndani kuna adui mwingine: maji. Ukichoma lita moja ya petroli, unapata karibu lita moja ya maji kama mvuke. Safari ikiwa fupi, Mnarani hadi sokoni basi, bomba halipati moto wa kutosha kukausha, maji yanabaki kwenye silensa yanaoza nayo. Ndiyo maana silensa nyingi za kiwandani zina kitundu kidogo sehemu ya chini kabisa. Watu wanakiona wanakiziba wakidhani ni kutu. Kiache. Na ya kwako, itoboe kama hiyo.

Chuma cheusi cha kutengenezea viti ni rahisi lakini hapa hakitadumu. Chuma cha pua ni ghali ila unalipa mara moja. Kuna wanaochukua bomba la maji lenye zinki kwa sababu halishiki kutu. Hapo simama. Ukilichomelea, zinki inageuka moshi mweupe, na ukiuvuta, usiku utashikwa na homa na baridi kama malaria, na ladha ya chuma mdomoni. Utaambiwa kunywa maziwa. Maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda mapafuni. Hayo mawili hayatakutana.

Kona ndizo zinazomtambulisha fundi. Bomba likikunjwa baridi linabonyea na kubana njia. Ama ukate vipande vya mshazari uviunge kimoja kimoja, ama ujaze mchanga, upashe moto, ukunje polepole. Mchanga uwe mkavu kabisa na usiwe wa ufuoni. Wenye unyevu, ndani ya bomba lililozibwa, ukipata moto unageuka mvuke na unaweza kufyatua kizibo kikutoe jicho.

Kabla ya kuchomelea, ondoa nyaya za betri, maana umeme wa mashine unaweza kuua kompyuta ya gari. Chini ya gari piga doti chache tu za kushikilia vipimo, kisha shusha bomba zima ulimalizie mbali na tangi la petroli. Na gari likae juu ya stendi za chuma. Tofali la matumbawe linajenga nyumba nzuri lakini chini ya gari linapasuka bila kupiga hodi. Jeki peke yake nayo usiiamini.

Kufunga ndiko wengi wanakoharakisha. Injini inatikisika, na chuma kinarefuka kikipata moto: bomba la mita mbili likipanda digrii 300 linaongezeka karibu milimita saba. Ukilifunga kwa waya au kulichomelea kwenye chasisi, kitu kitapasuka, na mara nyingi ni pale mbele kwenye manifoldi. Kwa hivyo linginiginie kwenye raba, liwe na kile kipande cha kunyumbulika karibu na injini, liunganishwe kwa flenji na gasketi ili siku ya kulifungua usihitaji grainda. Liwe mbali na mabomba ya breki na ya petroli. Mimi napima kwa vidole viwili, na penye plastiki naongeza.

Mwisho, silensa. Ndiyo, unaweza kuitengeneza: bomba la ndani lenye matundu mengi, kopo la nje, katikati sufi ya kioo inayostahimili moto. Moshi unapita bila kuzuiwa, sauti inamezwa pembeni. Utapata mlio mzito, wa chini, wa heshima. Mlio wa gari lenye mwenyewe.

"Lakini gari ni langu"

Gari ni lako, masikio ni yangu. Kwenye ploti zetu ukuta ni mmoja. Upande huu kuna kijana anayewasha gari saa kumi na moja alfajiri, upande wa pili kuna mama aliyebembeleza mtoto tangu saa tisa. Na sheria ipo tayari. Kanuni za NEMA za 2009 kuhusu kelele zinakataza gari kupita desibeli 84 likiongeza mwendo, na sheria za trafiki zinataka gari liwe na silensa. Askari akikusimamisha pale rodiblok, yeye hahitaji hata mashine. Amekusikia toka mbali.

Ndugu zangu wa bodaboda, nanyi msijifiche. Ile kuzima na kuwasha swichi ili pikipiki ipige "pah!" ni petroli uliyoinunua inayolipukia kwenye bomba badala ya kwenye injini. Unachoma hela ili mzee wa watu aruke kwenye kiti chake.

Kuna wazazi wanaona kijana chini ya gari wanasema amepotea. Mimi nasema mpeni nafasi, lakini na yeye awape sababu. Kijana anayeweza kupima, kukunja, kuchomelea bila kuvuja na kufunga bomba likadumu, huyo kesho anatengeneza fremu ya tuktuk, geti, hata bomba la moshi la boti pale krikini. Hiyo ni kazi ya mkono na inalipwa. Anayejua kukata tu, atakata siku moja, na kesho yake hana cha kuuza.

Kwa hivyo mtu akinionyesha ekzosi yake, siombi apige resi. Naomba aizime, tuingie chini, anionyeshe viungo.

Wewe waonaje? Na kama umejenga ya kwako, weka picha ya viungo hapo chini. Video ya mlio kaa nayo.