Kazi za mikono za Krismasi zianze Juni, siyo Novemba



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo kila mwaka, ifikapo Novemba, huzungumzwa vijijini kwa matumaini makubwa, na ifikapo Januari huwa limekwisha kwa manung'uniko. Jambo lenyewe ni hizi kazi za mikono za karatasi na vitambaa ambazo akina mama na vijana wanahimizwa kuzitengeneza ili ziuzwe kwenye maonyesho ya Krismasi huko Dar es Salaam, Arusha na hata hapa Iringa mjini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika tarafa ya Ismani, na pia ni katibu wa kikundi kimoja cha akina mama. Ninayoyaeleza nimeyaona, na mengine nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari la mahesabu.

Viongozi wanaotutembelea husema tatizo letu ni soko. Mimi sikubaliani nao. Soko lipo. Kinachotushinda ni kalenda.

Hebu tutazame maonyesho yenyewe. Hufanyika zaidi mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, wala hayangoji Krismasi yenyewe. Wanunuzi wengi ni wageni wanaofanya kazi nchini, watalii, na wananchi wa mijini wenye uwezo, na ifikapo katikati ya Desemba wengi wao wamekwisha safiri. Tena desturi hii ya gulio la Krismasi imetoka kwao. Soko la Krismasi la mji wa Dresden, Ujerumani, limekuwapo tangu mwaka 1434, na masoko kama hayo huendeshwa katika majuma ya Majilio, yaani yale majuma manne kabla ya sikukuu. Kwa hiyo mama wa Ismani anaposhona kalenda ya Majilio ya kitambaa, ile yenye vifuko 24 vya kutiliwa peremende za watoto, ajue kwamba mtoto hufungua kifuko cha kwanza tarehe 1 Desemba. Kalenda hiyo ikifika Dar es Salaam tarehe 5 Desemba, hata ikiwa nzuri namna gani, itarudi ilikotoka.

Sasa tutazame shamba. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, nazo huendelea hadi Aprili hivi. Katika juma lile lile ambalo mnunuzi wa mjini anakuja mbio na gari akitaka nyota 300 na kadi 500, mkulima naye ameshika jembe anatazama mawingu. Nani atamlaumu mama akichagua mahindi? Anayebaki nyumbani ni bibi na watoto, na kazi inayofanywa usiku kwa taa na haraka huonekana: mshono umepinda, gundi imevuja, nyota moja kubwa na nyingine ndogo. Mnunuzi huyo, ambaye sitamtaja, mwaka mmoja alitukatalia karibu nusu ya mzigo, na ingawa wenzangu walikasirika sana, mimi nilipovitazama vile vitu sikuona cha kumjibu.

Kwa upande mwingine, kuanzia Juni hadi Oktoba mikono yetu ina nafasi. Mahindi yamevunwa, jua ni kali, upepo upo, na maganda ya mahindi yamelundikana kila uani yakingoja kuchomwa moto au kuliwa na mbuzi. Haya maganda ndiyo karatasi. Wasomaji ambao hawajapata kuona kazi hii wanadhani inahitaji kiwanda, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Maganda hukatwa vipande vya urefu wa kidole, yakachemshwa saa kadhaa katika maji ya majivu yaliyochujwa mpaka yalegee. Wapo wanaotumia soda kali ya dukani. Inafanya kazi upesi, lakini inaunguza ngozi na macho, nami sishauri itumiwe mahali penye watoto. Baada ya hapo maganda huoshwa mpaka maji yatoke meupe, yakatwangwa kinuni, yakachanganywa na karatasi kuukuu za madaftari zilizolowekwa. Rojo hilo humwagwa katika beseni lenye maji mengi, halafu fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirishani huzamishwa na kuinuliwa polepole. Maji yanachuruzika, utando unabaki juu ya wavu. Utando huo hulazwa juu ya kitambaa, ukakandamizwa chini ya mawe, ukaanikwa. Siku ya jua hukauka. Siku ya mvua hunyauka, ukaota ukungu na kunuka, na hapo ndipo mtu anapofahamu kwa nini kazi ya karatasi haiwezekani Desemba.

Wala si jambo la kubuni. Hapa hapa Iringa mjini kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa na Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono. Walitumia hata kinyesi cha tembo, ambacho kina nyuzi nyingi kwa sababu tembo hula majani mengi na kuyasaga kidogo tu tumboni. Watu walicheka. Baadaye kituo kikaongeza ushonaji, ufumaji na mgahawa, na watu zaidi ya mia moja wenye ulemavu wakapata kazi yenye mshahara. Ninalolipenda katika habari hii ni kwamba kazi yao iliheshimiwa kwa ubora. Huruma humfanya mgeni anunue kadi moja, akaiweka mfukoni na kuisahau. Anayependa kitu hununua kumi na kurudi mwaka ujao.

Hata hivyo nawaonya wenzangu wasiiweke tamaa yote kwenye kadi. Zamani kadi za Krismasi zilikuwa biashara ya kweli mijini, na posta zilijaa. Leo salamu zinapita kwenye simu kwa dakika moja, bure. Kadi ya mkono bado ina mnunuzi, lakini ni yule anayeitaka kama pambo, kwa hiyo iwe chache na iwe safi sana, na iwe na bahasha yake inayoingia sawasawa. Tena ndani isiandikwe kitu, wala mwaka usitajwe juu yake. Kadi iliyoandikwa mwaka hufa tarehe 26 Desemba. Iliyoachwa wazi inaweza kuuzwa hata Pasaka.

Penye nafasi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mifuko ya zawadi na mapambo ya vitambaa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na kila mwenye duka la zawadi anahitaji mfuko wa karatasi. Karatasi ya khaki hutengenezwa mkoani kwetu, Mgololo, wilaya ya Mufindi. Mfuko wa khaki uliobandikwa ua moja la karatasi ya maganda ya mahindi na kutiwa mkono wa kamba ya katani, huo ni mfuko mwenyeji wa kuuzwa kwa heshima.

Kuhusu vitambaa, kila fundi cherehani ana gunia la mabaki ya vitenge asiyojua ayapeleke wapi. Hayo hutoa nyota, malaika, ndege, soksi za kuning'iniza na zile bendera ndogo za mfululizo. Lakini kitambaa kifuliwe kwanza kwa maji ya chumvi, kionekane kama kinachuja. Pambo jekundu likichuja juu ya kitambaa cheupe cha meza ya mtu, kikundi kizima kimepoteza jina. Ndani kijazwe sufi safi, isiyo na mbegu. Tusipambe kwa mbegu wala manyoya ya kuku, kwani vitu kama hivyo mgeni anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege akifika kwao. Na kila kitu kiwe chepesi, kisichovunjika, cha kuingia katika sanduku la msafiri. Katika kikundi chetu wamo pia akina mama Waislamu, na ndio washonaji hodari kuliko wote. Nyota ni nyota, wanasema, na mikono iliyoizoea hushona vizuri hata mapambo ya Idd.

Sasa nije kwenye bei, maana hapa ndipo maneno ya unyonyaji yanapoanza. Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Nyota ya kitenge iuzwe mezani Dar es Salaam kwa Sh. 5,000. Kijijini mnunuzi ameitoa kwa Sh. 800. Uzi, sufi na kitambaa vimekula Sh. 300. Mama amebaki na Sh. 500, na akishona nyota sita kwa siku amepata Sh. 3,000. Mtu ataruka aseme huyo wa katikati ni mlanguzi. Mimi nasema tumpime kwa haki. Amelipa usafiri wa karibu kilometa 500, amelipia meza, amelala mjini, na nyota zisizouzwa ni hasara yake. Kinachompa nguvu ya kupanga bei peke yake ni kwamba anakuja Novemba, wakati hatuna muda wa kumtafuta mwingine wala akiba ya kungojea. Vikundi vitano vya tarafa moja vikilipia meza moja kwa pamoja, na kutuma watu wawili tu na mzigo wa wote kwa basi, gharama ile ile inagawanyika mara tano. Lakini meza za maonyesho huombwa mapema, na sisi tarehe zake huzisikia zikiwa zimepita.

Hapa nawageukia wahusika. Sheria inazitaka Halmashauri tangu mwaka 2018 kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Ni jambo jema, nasi tunaishukuru Serikali. Lakini mkopo wa msimu ukitoka nje ya msimu huwa deni tupu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpaka kikao kikae, fomu zirudishwe kwa sababu muhuri umekosekana, kikao kikae tena, ni Novemba. Kikundi kinapokea fedha za kununulia vitambaa katika mwezi ambao kingepaswa kuwa kinapakia mzigo. Mwisho wake fedha zinanunua mbolea, na Januari tunaitwa wadaiwa sugu. Maombi ya kazi za msimu yangeweza kupitiwa Aprili na Mei, ili Julai iwe ya kulipa, si ya kuanza kusoma fomu.

Afisa Biashara na Afisa Maendeleo ya Jamii nao wangetufaa kwa kitu kidogo kisicho na gharama: kubandika tarehe za maonyesho katika ofisi za kata mwezi wa Julai. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi mikoani. Mafunzo yake ya ufungashaji yangetolewa Juni, si kwenye juma la wanawake mwezi Machi wakati tupo katika palizi. Na Sabasaba na Nanenane, ambazo zote huangukia wakati wa kiangazi, zitumike kuonyesha sampuli za Krismasi na kupokea oda. Mwenye duka aliyeona nyota Julai akaagiza 200 humwezesha mama kushona kwa utulivu, akijua anamshonea nani.

Limebaki la shule, na hili linanihusu zaidi. Kuna wazazi na hata viongozi waliopendekeza wanafunzi watengeneze mapambo hayo wakati wa vipindi ili kikundi kipate mzigo mkubwa. Nilikataa kikaoni na nakataa hapa. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka mtoto ajifunze kwa kazi, lakini wazee wetu wanakumbuka jinsi mahali pengine maana yake ilivyogeuka kuwa kulima shamba la mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa kuajiriwa kuwa miaka 14, na kazi nyepesi tu isiyomdhuru mtoto. Darasani mtoto afundishwe kutengeneza karatasi yake moja, aikunje, aandike salamu kwa bibi yake. Oda ni za watu wazima.

Hilo moja tu nalo halifanyiki. Katika mtihani wa darasa la saba ambao watoto wetu wamekuwa wakiufanya miaka hii, stadi za kazi zimeunganishwa na maarifa ya jamii katika karatasi moja ya maswali, na mtoto hujibu sehemu kubwa kwa kusiliba vidoto. Anaweza kusiliba jibu sahihi kuhusu ushonaji bila kupata kushika sindano. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umetaja stadi na sanaa kwa maneno mazuri. Shuleni kwetu, kwa somo hilo, mikasi iliyopo ni miwili, na mmoja ni wangu. Naiomba Wizara, katika fungu la vifaa vya shule, iandike pia mikasi, sindano na fremu za karatasi, na ivilete kabla ya Juni.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ismani, Iringa.